Kutoa Nako Kuna Hesabu

Mvua ya Tukuyu, wasikilizaji wangu, mnaijua. Nitapaza sauti kidogo ili bati lisinishinde.

Leo nina neno na watu wa Kisondela, kata ambayo wageni wanaijua kwa maporomoko ya Kapologwe na sisi tunaijua kwa ndizi zake. Kwa kupitia Kisondela, neno lenyewe ni la Rungwe nzima. Nataka tumzungumzie mtu anayebana matumizi. Kwetu huyu hana sifa nzuri. Akikataa kutoa elfu hamsini za kamati ya harusi, anaitwa bahili. Akivaa koti lile lile ibadani mwaka hadi mwaka, watu wananong'ona kwamba pesa anaizika chini ya kitanda. Wakati huo huo tunaye mtoaji, mtu wa mkono wazi, ambaye jina lake husomwa kwenye kipaza sauti na vigelegele vikafuata. Mimi nadhani sifa tumezigawa vibaya. Kwa kikundi kidogo cha kijijini, kile kinachomnunulia yatima sare na kumpelekea mgonjwa sabuni, huyu tunayemwita bahili anaweza kuwa mfadhili mzuri kuliko yule wa kipaza sauti. Anaweza, nimesema. Kuna sharti, na nitalifikia.

Kwanza tuangalie pesa ya huku inavyoingia mfukoni. Mtu wa ofisini ana tarehe ya mshahara. Mkulima wa Rungwe ana kalenda nyingine kabisa. Ndizi zinatoka mkungu kwa mkungu, na pesa yake huishia sokoni hapo hapo kwenye chumvi, sabuni na bando la simu. Maziwa yapo kila siku, alimradi ng'ombe amepata majani. Kahawa ni ya msimu. Parachichi, hasa hizi Hass za kupelekwa nje ya nchi, huleta pesa ya mkupuo, na pesa ya mkupuo ina tabia ya kuondoka kwa mkupuo. Chai ndiyo yenye mwendo wake. Mti unachumwa karibu mwaka mzima, maana mvua yetu haiuachi ulale. Unachuma majani mawili na kichipukizi, yanapimwa kituoni siku ile ile, yanakimbizwa kiwandani yasije yakaharibika, kisha kilo zako zinajumlishwa na unalipwa kwa mwezi. Najua, kuna vipindi malipo yanachelewa, na wanaoujua uchungu wake wananisikiliza sasa hivi wakiguna. Lakini pesa ya chai ikienda kwa utaratibu wake ina kitu ambacho pesa ya parachichi haina: unaweza kuiahidi kabla haijafika.

Ahadi ya namna hiyo ndiyo uhai wa kikundi kidogo. Tuseme kuna akina mama kumi na watano wanaowaangalia watoto wanane wanaolelewa na bibi zao. Watoto hao wanahitaji nini? Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23 ikafutwa pia kidato cha tano na cha sita. Kilichobaki ni vile vitu visivyoandikwa kwenye waraka wowote, lakini visipokuwepo mtoto haendi shule. Sare, viatu, madaftari, mahindi na maharage ya chakula cha mchana, sabuni, taulo za kike kwa binti aliyevunja ungo. Ni vitu vidogo, na vinarudi kila mwezi kama kodi.

Sasa mlete mfadhili wa kipaza sauti. Anakuja na laki tatu, picha zinapigwa, watoto wanaimba. Kikundi kinashukuru, tena kwa haki, kinanunua viatu jozi nane na mahindi kidogo. Mwezi wa tatu jozi mbili zimepasuka, mtoto mmoja amekua na vidole vinagusa mbele, mahindi yamekwisha, na mfadhili yuko kwenye harambee nyingine. Mlete na upande wa pili: watu ishirini wanaobana matumizi, kila mmoja elfu mbili kwa mwezi. Elfu arobaini hazimvutii mpiga picha. Kwa mwaka, hata hivyo, ni laki nne na elfu themanini. Na kuna jambo kubwa kuliko jumla yenyewe. Mweka hazina anaweza kwenda kwa fundi cherehani akamwambia, shona hizo sare nne, nitakumalizia tarehe kumi na tano, na fundi akakubali, kwa sababu mwezi uliopita alilipwa tarehe kumi na tano. Kikundi kimeaminika. Laki tatu za siku moja hazimpi mweka hazina neno la kumwambia fundi mwezi unaofuata.

Nimetaja bibi wanaolea wajukuu, na sikuwataja kwa bahati tu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2003–04 uliikuta Mbeya na maambukizi ya asilimia 13.5, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara wakati ule. Waliozika wanakumbuka. Kizazi cha kati kilipungua, na watoto wakarudi kwa bibi. Wengi wa watoto wale leo ni watu wazima wenye mashamba, pikipiki na maduka, na wamo miongoni mwa wanaochanga. Kwa hiyo tunapozungumzia msaada wa kijijini huku, tusiseme kana kwamba wanaotoa ni kabila moja na wanaopokea ni kabila jingine.

Hapo hapo niweke maoni yangu kuhusu vituo vya kulelea watoto, ingawa najua kuna watakaoudhika. Vipo vituo vinavyofanya kazi nzuri, na vipo vya lazima, maana kuna watoto wasio na mtu kabisa. Lakini ukiwa na elfu mbili tu, anza na mtoto aliyeko nyumbani kwa bibi yake. Kituo kinahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, kinahitaji jengo, walezi, mlinzi, umeme. Elfu mbili yako inamezwa kabla haijafika kwenye sahani. Bibi tayari ana nyumba, ana migomba, na hadai mshahara. Anachokosa ni gunia la mahindi mwezi wa pili, na mtu wa kumsaidia kubeba maji mgongo ukimuuma.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Kwa nini mtu wa huku anashindwa kubana matumizi hata akitaka? Wengine watakwambia ni ujinga wa fedha, na watakuandalia semina yenye soda. Mimi nadhani ni majirani. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, pamoja na mumewe Godfrey, walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica kiitwacho Good Company kilitoka 1951. Anaeleza jinsi wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walivyotoka kwa baba zao wakaanzisha kijiji chao pembeni, wakawa wanakula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Rika lile ndilo lililokuwa jirani yako mpaka uzeeni. Thamani ya mwanamume ilionekana kwenye nyama na pombe aliyowagawia wenzake. Aliyewanyima watu karamu waliyostahili, hasa karamu ya msiba, aliogopa kitu kilichoitwa pumzi ya watu. Iliaminika kwamba majirani wakinung'unika pamoja, manung'uniko yale yanageuka baridi inayomwingia mtu mwilini na kumwangusha kitandani.

Unaweza kucheka. Lakini niambie, usipochangia harusi ya jirani na kesho yake mkakutana kisimani, hiyo baridi huisikii mgongoni?

Mimi siidharau ile pumzi. Katika nchi isiyo na benki wala bima, jirani ndiye aliyekuwa benki, na hofu ya kunung'unikiwa ndiyo iliyokuwa mkataba. Tatizo langu ni upande inakovuma siku hizi. Ukila nyama peke yako na mtoto wa jirani hana daftari, hakuna anayenung'unika. Ukipeleka harusini bahasha nyepesi, mtaa mzima unajua. Tumebaki na shinikizo lote la wazee wetu, ila tumelielekeza kwenye ukumbi, keki na gari la kukodi la bwana harusi.

Na msiba. Hapa naomba niende taratibu, maana msiba ni jambo la heshima. Msiba wa Kinyakyusa hauna haraka. Ndugu wanatoka Mbeya, Kyela, Dar es Salaam. Majirani wanaleta ndizi, kuni na maji, daftari la rambirambi linafunguliwa, na ng'ombe wanachinjwa. Majirani wanaoleta kuni na ndizi wanatoa msaada wa kweli, na hakuna shirika duniani linaloweza kuja kuwafundisha namna ya kutoa. Lakini wafiwa nao wanatoa, na ndipo panapovuja. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na ng'ombe mmoja wa maziwa. Siku ya tatu waombolezaji bado wamejaa uani, chakula kimepungua, na mzee mmoja wa ukoo anamtupia jicho yule ng'ombe. Akichinjwa, au akiuzwa ili ununuliwe mchele, mjane amepoteza maziwa ya kila siku, mbolea ya migomba na ndama wa mwakani, kwa mlo mmoja wa watu ambao wengi wao kwao kuna chakula. Miezi sita baadaye kikundi cha akina mama kinaandika jina la mjane huyo kwenye orodha ya wasiojiweza. Tumemwingiza wenyewe kwenye orodha, kisha tunachangishana ili tumtoe.

Ndiyo maana nasema kubana matumizi msibani ni sadaka iliyotangulia. Ukoo ukikubaliana siku ipungue moja, chai ya rangi na viazi vikuu vitoshe asubuhi, na ng'ombe wa maziwa asiguswe, mjane amesaidiwa kabla ya mtu yeyote kufungua pochi. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji wazee wawili watatu wenye ujasiri wa kunong'onewa.

Na kwa kuwa tumemgusa ng'ombe, kuna utaratibu ambao wengi wetu Nyanda za Juu tunaujua kwa jina la kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Chimbuko lake liko mbali. Dan West, mkulima wa Marekani, alikuwa Hispania wakati wa vita vya miaka ya 1930, akigawa maziwa kwa watu waliokumbwa na vita. Akachoka kupima vikombe na kuwaza kwamba afadhali watu hawa wapewe ng'ombe kuliko kikombe. Shirika lililotokana na wazo hilo, Heifer, lilianza 1944, na lilifika Tanzania mwaka 1974. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza: unapewa mtamba, unamlisha ndani kwenye banda, na ndama jike wa kwanza unampeleka kwa jirani aliyefuata kwenye orodha. Ninachokipenda humo ni kwamba kwenye mzunguko wa pili mtoaji ni maskini mwenzako. Jana alikuwa anapokea. Leo anatoa ng'ombe mzima, zawadi ambayo wafanyabiashara wengi wa Tukuyu hawajawahi kuitoa. Na hakuhitaji kuwa tajiri, kwa sababu siku anampokea yule mtamba alishajua kwamba ndama wa kwanza ana mwenyewe.

Sasa nimelifikia sharti. Pesa ya kutoa iwe na jina na tarehe kabla mwombaji hajabisha hodi.

Anayebana matumizi bila sharti hilo ni bahili kweli, watu hawamsingizii. Pesa isiyo na jina, hata uifiche vipi, itapata mlaji. Leo simu imepasuka kioo, kesho shemeji ana dharura, keshokutwa kuna harusi. Magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vyama vya kuchangiana masanduku ya bati yenye kufuli, wakawaambia hii ni pesa ya afya. Matokeo waliyachapisha mwaka 2013. Baadhi walikaa na ufunguo wao wenyewe, kwa hiyo wangeweza kulifungua sanduku saa yoyote. Hata hivyo matumizi yao kwenye mambo ya kinga, kama vyandarua, yalipanda kwa karibu theluthi mbili kuliko ya wenzao wasiopewa sanduku. Kufuli yenyewe haikumzuia mtu. Kilichosaidia ni kwamba pesa ilikuwa na jina, na mwenye nayo alipata neno la kumwambia shemeji bila kusema uongo.

Watu wetu wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wanalijua hili kwa vitendo. Mfano wake ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake waliofanya kazi na shirika la CARE, ukafika Zanzibar na Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na ndani mna mifuko miwili. Hisa ni zako, zinazaa, na mwisho wa mzunguko unagawiwa. Mfuko wa jamii hauzai. Kila mtu anaweka kiasi kile kile kila kikao, na unatoka kwa ugonjwa, msiba, na yale mliyokubaliana tangu mwanzo. Watu wengi huusahau mfuko huu wa pili kwa sababu hauna faida ya kujisifia. Kwangu mimi ndiyo taasisi ya hisani iliyo karibu zaidi na mtu wa Kisondela. Ipo hatua tano kutoka mlangoni kwake, na mhasibu wake ni mwanamke anayemfahamu mama yake. Kinachotakiwa ni kuufungulia dirisha kidogo. Wanachama wakikubali, sehemu fulani ya mfuko iende kwa asiye mwanachama, yule bibi ambaye hawezi kununua hata hisa moja. Mkilikubali, liandikeni kwenye katiba ya kikundi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na usajili hupitia halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye.

Hisani ya pesa ndogo ina adui mwingine, nayo ni makato ya kutuma pesa kwa simu. Ndugu zetu walioko Dar es Salaam wanapenda kutuma kidogo kidogo, na Mungu awabariki. Lakini anayetuma elfu mbili mara kumi na mbili amekatwa mara kumi na mbili, na mpokeaji naye akikatwa kila anapotoa, hapo tunaisomesha miamala, si watoto wetu. Mnakumbuka Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, watu walivyolalamika mpaka ikapunguzwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka ule ule. Tulijifunza kuhesabu siku zile, tusisahau. Wana-Kisondela kumi walioko mjini wampe mmoja wao, atume mara moja kwa robo mwaka. Ahadi ibaki ya mwezi, muamala uwe wa miezi mitatu, na mweka hazina aijue tarehe.

Nitoe mfano mmoja wa kuonyesha pesa ndogo inapofika. Wakati wa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ya watu sita ilikatiwa kadi kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Watu kumi wakitoa elfu tatu tatu, mara moja tu, bibi na wajukuu watano walikuwa na kadi ya matibabu mwaka mzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekuja na utaratibu wake, na ni kazi ya kila kikundi kuuliza zahanati inasemaje sasa. Sijui karamu gani ya elfu thelathini ingewatosha watu sita mwaka mzima.

Hiyo elfu mbili tuitoe wapi? Hapa wahubiri wa kubana matumizi wananichosha kidogo, maana wanaongea kana kwamba kila mtu ana kahawa ya mgahawani ya kuacha. Mtu wa kijijini hununua mafuta ya kupima, sukari ya robo, sabuni ya kipande, bando la siku. Kila kipimo kidogo kina bei yake ya juu, kwa hiyo maskini analipia zaidi kitu kile kile. Nyumba mbili tatu zikiungana kununua dumu moja la mafuta, au gunia moja la mahindi wakati wa mavuno, akiba inapatikana bila mtu kula kidogo. Bando la wiki badala ya la siku. Soda ya Jumapili ibaki kwa mgeni. Lakini kuna mahali pasiguswe. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inalisha nchi, na humo humo ndimo mlimo na udumavu mkubwa. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Iringa, jirani zetu, na karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa. Anayeuza maziwa yote na mayai yote, watoto wake wakabaki na ndizi tupu, kisha akaitoa pesa ile kwa yatima, amehamisha njaa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Sadaka ya namna hiyo siiungi mkono, hata ikipigiwa makofi.

Na asiye na pesa kabisa? Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri nao wakafuata, na katika makanisa yetu upo utaratibu ambao mchumi yeyote angetuonea wivu. Mama hana shilingi, analeta mkungu wa ndizi au mayai matano. Baada ya ibada mzee wa kanisa anaunadi nje. Yai linapanda bei mpaka linafika bei ya trei, anayelinunua analirudisha, linanadiwa tena. Mwenye mazao ametoa mazao, mwenye pesa ametoa pesa, na hakuna aliyeaibika. Ningependa mnada kama huo tuuone mara moja kwa msimu kwa ajili ya kikundi cha watoto, pale pale uwanjani, bila kamati na bila kadi za mwaliko.

Kuna atakayenipigia simu baada ya kipindi aniulize: je, majina yasomwe? Biblia inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Lakini bila kusoma daftari, mweka hazina naye ni binadamu. Kenya walikumbana na hili kwenye harambee zao, ambako kutoa kuligeuka jukwaa la wanasiasa, hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 ikawawekea mipaka. Mimi nasema isomwe jumla. Kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, kimenunua nini, kwa fundi gani, na risiti ipite mkono kwa mkono. Majina yabaki ndani ya daftari kwa anayetaka kukagua lake.

Na yule aliyekosa miezi miwili asisomwe kabisa, wala asifuatwe nyumbani. Pengine malipo ya majani hayajatoka. Yakitoka atakuja mwenyewe, na akija, mweka hazina aandike kiasi alicholeta bila kumuuliza yaliyopita. Mimi naishia hapo. Taarifa ya habari inafuata, na mvua naona bado haijakata.